Jumla ikifika 100 usishangilie: kupima silikati zenye elementi za ardhi adimu

Mwaka 1794 Johan Gadolin, mwanakemia wa Turku huko Finland, alitangaza alichokikuta ndani ya jiwe jeusi zito kutoka machimbo ya Ytterby, karibu na Stockholm, kwa kila sehemu 100: silika 31, alumina 19, oksaidi ya chuma 12, na 38 za kitu kipya kisichojulikana. Jumla 100 kamili. Ile 38 ndiyo iliyomjengea jina, kwani humo ndimo ilimotoka itriamu. Lakini ile 19 haikuwa alumina. Ilikuwa oksaidi ya beriliamu, ambayo Vauquelin, mwanakemia Mfaransa, aliitambua mwaka 1798 tu. Hesabu ilifunga vizuri huku kijenzi kimoja kimepewa jina la mwenzake.

Mabishano ya wapimaji wa leo wa silikati (madini yaliyojengwa kwa silikoni na oksijeni) zenye elementi za ardhi adimu (metali zinazofanana sana kikemia, itriamu ikiwemo) hayako mbali na hapo. Wapo wanaosema maikroprobu inatosha. Wengine wanasema bila leza inayochimbua jiwe na spektromita ya masi inayotenganisha atomi zake kwa uzito, fomula unayoandika ni nusu vipimo, nusu makisio.

Wa kwanza wana hoja nzito. Maikroprobu hupiga mwale wa elektroni kwenye doa la mikromita chache, kisha husoma eksirei zinazotoka, na kila elementi ina za kwake. Fuwele za silikati hizi mara nyingi zina matabaka: kiini kina kemia yake, ukingo una yake, na katikati yamejificha madini mengine kabisa. Ukisaga kipande kizima na kukiyeyusha kwenye asidi, unapata wastani wa vitu ambavyo havijawahi kuwa kitu kimoja.

Tabu huanza kwenye ardhi adimu zenyewe, maana eksirei zao zimebanana mno. Mstari mkuu (eksirei yenye nguvu zaidi) wa praseodimiamu uko kwenye nishati ya kiloelektronivolti 5.03; mmoja wa mistari ya lanthanamu uko 5.04. Kwa kuwa lanthanamu kwa kawaida ni nyingi kuliko mwenzake mara kadhaa, ukikiamini kilele hicho utaandika praseodimiamu ambayo haimo. Mpimaji makini huhamia mstari dhaifu zaidi, wa 5.49, akakubali kusubiri. Neodimiamu nayo iko 5.23, jirani na seriamu ya 5.26. Na si mashine tu: fosfati za ardhi adimu zilizotolewa na Smithsonian, taasisi ya Marekani, kama sampuli za rejea za kusawazishia mashine baadaye zilikutwa na metali ya risasi, iliyoingia wakati fuwele zikikuzwa. Rula yenyewe ilikuwa na kasoro.

Chukua eudialiti, silikati nyekundu ya Ilímaussaq huko Greenland na Lovozero kaskazini mwa Urusi. Ndani yake mna sodiamu, kalsiamu, chuma, manganizi, zikoniamu, niobiamu, klorini, maji, na ardhi adimu juu yake. Mwale ukiipiga, sodiamu inahama kutoka kwenye doa, na usomaji wake unashuka huku unauangalia. Dawa ni kupanua mwale hadi mikromita 10 au 20 na kuipima sodiamu kwanza kabisa, lakini hapo umeutoa sadaka ule udogo wa doa uliokuvutia. Haidrojeni haionekani kabisa. Chuma kinaonekana, ila kama ni cha chaji mbili au tatu, mashine haikuambii kwa urahisi. Kisha inakuja fomula: wengi hudhani kwamba silikoni, zikoniamu, niobiamu na wenzao wachache wanajaza nafasi 29 za atomi kwenye fomula, na kila namba nyingine inapangwa kwa kufuata hiyo. Ni dhana yenye msingi, inatokana na muundo wa fuwele. Lakini ukikosea zikoniamu, umekosea kidogo kila mahali.

Leza ina sifa zake. Inafika hadi sehemu moja kwa milioni na chini ya hapo, hivyo disprosiamu na ndugu zake wazito, ambao kwenye maikroprobu huzama katika kelele, wanapimika. Beriliamu pia. Hata hivyo inachimba shimo, na kilicho chini ya uso kinaingia kwenye hesabu bila kubisha hodi. Tena inahitaji elementi moja ambayo kiasi chake kinajulikana tayari, mara nyingi silikoni au kalsiamu. Kinajulikana kutoka wapi? Kutoka maikroprobu. Wanaotangaza kwamba leza imeistaafisha mashine ile wangekumbuka hilo.

Kwa hiyo mimi naegemea kuzitumia zote mbili, maikroprobu ikitangulia, leza ikifuata kwenye madoa yaleyale. Ninachokipinga ni tabia ya kuziba pengo kimyakimya. Katika gadoliniti, jiwe lilelile la Ytterby, beriliamu ambayo haikupimwa huwekwa kwa kufuata fomula kamili, ambayo huipa oksaidi yake karibu asilimia 11, na jumla inapendeza. Namba hiyo imetoka kitabuni, lakini kwenye jedwali imekaa safu moja na zilizotoka kwenye jiwe.

Kwa mwenye mgodi si suala la kitaaluma tu. Eudialiti huyeyuka kirahisi kwenye asidi, kisha silika yake hugeuka ujiuji unaoziba vichujio. Na disprosiamu ndiyo inayotafutwa na watengeneza sumaku. Anayepanga kiwanda anahitaji kujua kiasi kilichopimwa na kilichokokotolewa. Safu mbili kwenye jedwali zinatosha. Jumla ya 96 yenye maelezo ya kilichokosekana ningeipokea kabla ya 100 isiyo na maelezo.