Mkanda wa rali uliopitwa na tarehe: Tanga tuununue?

Kwa dereva wa rali asiye na mdhamini hapa Tanga, mkanda wa kiti wa mtumba kutoka Uingereza ni kishawishi kikubwa: unang'aa, bei ni ndogo, kasoro yake ni tarehe tu.

Wanaoutetea wana hoja. Mikanda ya kiwango cha zamani cha FIA (shirikisho la kimataifa la magari), 8853/98, ilipewa miaka mitano tu. Ikiisha, mwenyewe hapiti ukaguzi, hata kama gari lilikaa gereji muda wote, kwa hiyo anauza. Kijana anayejilipia mafuta, matairi na kiingilio ana haki ya kuuliza mkanda huo umeharibika lini. Hauozi usiku wa Desemba 31 tarehe yake inapoisha, hilo nakubali.

Lakini hiyo ni hesabu ya gereji za nchi za baridi. Poliesta, uzi wa mikanda hii, huliwa na jua. Huku kwetu gari hukaa uani Ngamiani au Raskazone likichomwa mchana kutwa, na vumbi la barabara za mashamba ya mkonge hupenya katikati ya nyuzi na kuzisaga kila mkanda unapovutwa. Uchovu huo jicho halioni. Kwa pwani hii, miaka mitano naiona mingi, si michache.

Ovaroli sina ugomvi nayo sana. Nomex, kitambaa cha ovaroli hizo, hustahimili moto kwa asili ya uzi wenyewe; kinga hiyo haiishi kwa kufuliwa. Mtumba usio na tundu wala doa la mafuta unafaa, mradi kanuni za shindano zinakikubali kiwango kilichoandikwa kwenye lebo yake.

Helmeti ndiyo inayonitia hofu. Snell, taasisi ya kupima helmeti iliyoanzishwa 1957 baada ya dereva William Snell kufariki mashindanoni, hutoa alama ya SA kwa magari na M kwa pikipiki. Ya M haikupimwa kwa moto. Zote mbili zina stika ya Snell, na muuzaji atakwambia zote ni za mashindano.

Tena lebo hughushiwa. FIA huweka orodha zake wazi mtandaoni: namba 24 ni ya mikanda ya kiwango hicho cha zamani, 12 ya viti. Omba picha ya lebo, linganisha namba ya idhini ya FIA iliyo kwenye lebo na orodha, ndipo utume pesa. Muuzaji akileta picha ya mkanda mzima huku lebo imegeuziwa ndani, achana naye.