Habari hunywewa na chai ya saa nne

Siku niliyotetea pendekezo langu la utafiti, viti vya nyuma vilijaa watu wasiojua hata nasomea nini. Mamangu mdogo alivuka feri ya Likoni alfajiri na ndoo ya mahamri na hotipoti ya mbaazi. Wiki mbili baadaye akatetea mwenzangu wa Marsabit, tunayetumia meza moja. Nyuma nilikuwa mimi na mlinzi aliyekuja kuzima feni.

Usiniambie hachangamani na watu. Kiswahili chake ni cha bara, ndiyo, na sisi wa Mombasa tuna tabia mbaya ya kumsahihisha mtu kabla hajamaliza kusema. Lakini alichokosa hasa ni habari. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala 2 kwenye majarida yanayotambulika kabla ya kuhitimu. Jarida lipi hujibu upesi, lipi litakula pesa zako, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, uanze kukihangaikia lini: hayo hayabandikwi ukutani. Hupita kwenye chai ya saa nne, kwa lugha ya walio wengi mezani.

Pendekezo lake lilirudishwa arekebishe. Kumbe msimamizi wake alikuwa anaondoka kwa miezi 6. Meza nzima ilijua, maana ilisemwa kwa Kidigo, naye ameketi papo hapo akikoroga sukari. Mimi nilisikia, nikaitikia, nikaenda zangu. Yeye alijua alipokuta mlango una kufuli.

Watu wa kwao walioko hapa mjini walimchangia kodi ya nyumba Bamburi. Sisi hatukutoa hata shilingi. Ila hakuna kati yao aliyewahi kuandika sura ya tatu ya tasnifu, wamsaidieje hapo?

Sitaki semina ya utangamano yenye bango na soda. Nataka safari za wasimamizi ziandikwe kwenye kundi la WhatsApp la idara, kwa lugha ya wote. Na kila anayeingia apewe mwenzake aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili, asiyekuwa wa kabila lake. Tukimpa wa kwao, tumeongeza baraza jingine tu.

Anatetea tena mwezi ujao. Mamangu mdogo ameshaniuliza tutakuwa wangapi, ajue akande unga kiasi gani.