Nyumbani miaka 50, Uingereza miaka 70: tusikubali kuongezewa

Tulio Uingereza tuna tabia ya kusifu sheria za huku na kuzibeza za Kenya. Kwenye muda wa hakimiliki, nasema bila kusita kwamba ya nyumbani ni bora. Kenya hulinda kitabu au utunzi wa muziki kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake; Uingereza ni 70. Hiyo 20 ya ziada haimfai mtunzi, amekwisha kufa, na vitabu vingi huimaliza vikiwa kabatini: havichapwi tena, na anayetaka kuvichapa hajui warithi wa kumpa ruhusa wako wapi.

Chukua Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta, kilichotoka London mwaka 1938. Mwandishi alifariki 22 Agosti 1978. Miaka haihesabiwi tangu siku ya kifo bali tangu mwisho wa mwaka huo, na anayesahau hilo atatoa toleo lake miezi minne kabla ya wakati. Kwa Kenya ulinzi unakwisha 31 Desemba 2028, na kesho yake kitabu ni mali ya umma. Uingereza ni mpaka 1 Januari 2049. Marekani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa kwa vitabu vya enzi hiyo, kwa hiyo huko ni 1 Januari 2034. Ukikichapa Nairobi mwaka 2030 uko salama. Nakala zilezile ukizileta London kuziuza, umevunja sheria.

Kwa wanaoandika leo, mji wa kuchapisha kwanza una uzito wake. Kazi ya mtunzi asiye raia wa Uingereza, iliyotoka kwanza nje ya nchi hiyo, hupewa huku muda wa kule ilikotoka, mradi usizidi wa Uingereza. Marekani haina kanuni hiyo.

Muziki ndio unaonasa wengi, kwa sababu wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Rekodi hulindwa Kenya miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo ya 1970 imekuwa huru nchini tangu 1 Januari 2021. Lakini kama mtunzi yu hai, au hajatimiza miaka 50 kaburini, maneno na muziki bado ni vyake au vya warithi. Watunzi wakiwa wawili, huhesabiwa kifo cha aliyefariki mwisho.

Muda ukiisha, yeyote anaweza kuchapa, kutafsiri au kutengeneza filamu bila kumwomba mtu. Angalia tu usikwapue vya mwingine: tafsiri, dibaji na michoro mipya vina hakimiliki zake, na Uingereza hulinda hata mpangilio wa kurasa za toleo kwa miaka 25. Tafuta toleo la kwanza, piga chapa upya neno kwa neno, usiskani la juzi.

Mahali tunaposhindwa ni kifungu cha 45 cha sheria yetu ya 2001, kinachomruhusu waziri kuweka ada kwa kutumia kazi iliyokwisha kuwa ya umma. Uingereza haina tozo hiyo, nasi tungeifuta. Kazi ikishakuwa ya wote, ada ni ya nani?

Ila miaka 50 tuishikilie, hata mshirika wa biashara akija na mkataba mnono. Kanada nayo ilikuwa na 50. Kwa mkataba wake na Marekani na Mexico ikapandisha hadi 70, kuanzia 30 Desemba 2022. Kazi za waliofariki 1972 zilikuwa zimebakiza siku mbili tu kuwa huru. Sasa zinasubiri 2043.