Kifuniko kimoja asubuhi, kimoja jioni

Pale Mlango Mmoja, jijini Mwanza, dawa ya saratani inauzwa kwenye chupa ya maji iliyokwisha kutumika. Lebo bado ipo, imebanduka upande mmoja. Ndani kuna maji ya kahawia, na mashapo yametuama chini. Nilipouliza inatumikaje, muuzaji hakusita: "Kifuniko kimoja asubuhi, kimoja jioni, kaka." Mtu mzima au mtoto? "Wote." Saratani ya wapi? "Yoyote." Na ya kupunguza tumbo je? Akanionyesha chupa ya pembeni, rangi ileile. Kifuniko kimoja.

Ni rahisi kumcheka. Mimi siwezi, maana shangazi yangu alikunywa vifuniko hivyo miezi saba huku uvimbe uko kwenye titi, na shangazi si mjinga. Hospitali ya kwanza walimkata kinyama cha kupima, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Akarudi, majibu hayajafika. Akarudi tena. Kila safari ni nauli, na ni siku nzima bila kuuza dagaa Mwaloni. Mganga alimpokea siku hiyohiyo, akamwita mama, akamsikiliza mpaka mwisho. Ndivyo ilivyokuwa hata mwaka 2011, watu walipofurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Hakuna ushahidi kwamba kikombe kile kiliponya saratani hata moja, lakini bei ile na upole ule, zahanati gani ingeviweza?

Watetezi wa mitishamba wana hoja nyingine, nzito zaidi: dawa kadhaa za saratani zimetoka kwenye mimea. Ni kweli. Mtoto wa kando ya Ziwa Victoria akivimba taya, huenda ni ile saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Moja ya dawa anazochomwa ni vinkristini, inayotoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi ambalo wengi wanalipanda mbele ya nyumba kwa urembo tu. Ila hanyweshwi ua. Dawa inachujwa kutoka kwenye majani mengi mno, kisha inapimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wake. Ikizidi inadhuru neva. Ikikosewa ikachomwa kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa, inaua.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili hapa: kipimo. Kuna kipimo cha kujua unaumwa nini, na kuna kipimo cha dawa unayokunywa. Chupa ya Mlango Mmoja haina chochote kati ya hivyo. Majani ya mstafeli, yanayosifiwa sana siku hizi, yana kemikali ambayo watafiti kisiwani Guadeloupe waliihusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kwa watu walioyatumia kwa muda mrefu. Na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba wagonjwa wa saratani waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya waliotibiwa hospitali. Kwa saratani ya matiti, ilizidi mara tano.

Kwenye unene mizani haiegemei upande mmoja hivyo. Chai za kupunguza tumbo nyingi ni dawa ya kuharisha tu: yanayotoka ni maji, mafuta yamebaki palepale. Sindano mpya ya semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa jina la Wegovy, inafanya kazi kweli. Kwenye majaribio, watu walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito katika wiki 68. Lakini walioacha walirudisha theluthi mbili ya uzito huo ndani ya mwaka, kwa hiyo ni kama kupanga nyumba: usipolipa, unatoka. Kodi yenyewe ilianza kwa zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi. Hapa kwetu, ambako ukikonda jirani anauliza unaumwa nini, sioni nani atapanga foleni. Japo unene si urembo tu: tangu 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanauhusisha na aina 13 za saratani, ikiwemo ya matiti kwa waliokoma hedhi.

Sitaki waganga wafukuzwe. Sheria ya mwaka 2002 inawatambua, na Baraza la Tiba Asili linawasajili. Ningetaka mganga aliyemwita shangazi mama awe ndiye aliyemwambia: uvimbe wa titi, panda hospitali ya Bugando kwanza, mionzi ipo hukohuko, sio lazima uende Ocean Road, Dar es Salaam.

Shangazi alipanda mwezi wa nane. Daktari aliuliza alikuwa anatumia nini, naye akaitoa chupa kwenye mkoba. Daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa, akauliza alikuwa anakunywa kiasi gani. Shangazi akafungua, akamwekea kifuniko mezani.