Anayetunga na Kuongoza Alipwe kwa Kazi Zote Mbili

Kila Jumamosi jioni, katika ukumbi wa kanisa letu huku Temeke, mwalimu wetu wa kwaya huingia akiwa na daftari kubwa la kaunta kwapani, na kabla hajamaliza kusalimia watu huwa ameshatoa penseli na kubadilisha nota mbili tatu za besi ambazo, kama alivyotueleza siku moja, zilimjia akiwa amesimama kwenye daladala kutoka Mbagala. Kisha hugusa kinanda, hupatia kila kundi sauti yake ya kuanzia, na kuinua mkono. Tukifika katikati ya ubeti hutusimamisha: "Teno, mnawahi. Wasikilizeni alto." Waimbaji ni arobaini, naye amesikia watatu waliotangulia. Maneno ya wimbo ameyaandika yeye, sauti zote nne amezipanga yeye, na Jumapili ndiye atakayesimama mbele yetu. Kwa kazi yote hiyo hupewa nauli.

Naamini hilo ni kosa, na nililiona wazi zaidi niliposoma maisha ya mtunzi na mwongozaji wa muziki Samuel Coleridge-Taylor. Alizaliwa London mwaka 1875, baba yake akiwa daktari kutoka Sierra Leone na mama yake Mwingereza, akaingia chuo cha muziki cha kifalme akiwa kijana wa miaka 15. Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alitoa "Hiawatha's Wedding Feast", kazi ya kwaya na okestra ambayo vyama vya kwaya vya Uingereza viliipenda mno, na nakala zake zikauzwa kwa maelfu kwa maelfu. Yeye alikuwa ameiuza moja kwa moja kwa mchapishaji kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15 za wakati huo, na mauzo yaliyofuata hayakumpa haki ya kudai chochote.

Hivyo ikambidi aishi kwa mkono wake wa kuongozea. Alifundisha, akawa mwamuzi wa mashindano ya muziki, akasafiri kutoka mji hadi mji kuongoza kwaya na okestra za watu, na mara tatu, mwaka 1904, 1906 na 1910, akavuka bahari kwenda Marekani, ambako Wamarekani weusi walimpokea kwa fahari kubwa. Saa za kutunga zilikuwa zile zilizobaki. Mwaka 1912 alianguka katika kituo cha treni cha West Croydon, na siku chache baadaye akafariki kwa nimonia, akiwa na miaka 37, akiacha mke na watoto wawili. Ilibidi lifanyike onyesho la kuichangia familia ya mtu ambaye wimbo wake ulikuwa ukiimbwa nchi nzima. Miaka miwili baadaye Uingereza ikapata chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi kila kazi zao zinapopigwa hadharani.

Nikimtazama Gustav Mahler, mtunzi na mwongozaji wa okestra aliyekuwa mkurugenzi wa opera ya Vienna kuanzia 1897 hadi 1907, naona kazi ya kuongoza ikiilisha kazi ya kutunga badala ya kuila. Msimu wa maonyesho aliutumia mbele ya okestra, na ulipofika wakati wa kiangazi alijifungia katika kibanda kidogo karibu na ziwa, akaandika simfonia zake. Mshahara wa kuongoza ndio uliomnunulia miezi hiyo ya utulivu. Mwalimu wetu hana kibanda wala mwezi wa likizo ya kutungia. Ana daladala.

Wapo watakaosema kwamba kuimba kanisani ni utumishi na hakupimwi kwa fedha. Nauheshimu utumishi huo, nami mwenyewe naimba bila malipo. Lakini anayechapa nakala hulipwa, fundi mitambo hulipwa, studio hulipwa kabla haijawasha kipaza sauti, na mshonaji wa sare hadai baraka. Isitoshe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na wimbo wa kwaya haukuachwa nje. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo hapa hapa mjini. Tunachokosa ni desturi ya kuandikiana.

Mwaka jana tulisikia wimbo wetu redioni ukiimbwa na kwaya nyingine, vizuri kabisa, bila mtunzi kutajwa. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba beti la pili wamelipunguza kasi, nalo limependeza. Sikupata usingizi usiku ule.

Wimbo mpya tuliopewa wiki hii una kurasa tatu, na ukurasa wa kwanza una kichwa cha wimbo tu, bila jina la mtunzi. Kwenye nakala yangu nimeandika kwa wino jina la mtunzi na mwaka, na nimeiandikia kamati ya kwaya kuomba mambo mawili: jina hilo lichapwe kwenye nakala zote kabla hazijatoka ukumbini, na sehemu ya mapato ya albamu ijayo itengwe kwa ajili yake kwa mkataba, huku haki ya wimbo ikibaki mikononi mwake. Kikao ni Jumatano.