Huku Wananiomba Dakika, Nyumbani Mnaniomba Muamala

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye kona ya njia katika bustani ya Woodhouse Moor, Leeds, huku Uingereza, nimevaa kizibao cha kung'aa kama dereva wa bodaboda, na ile mvua ya huku isiyonyesha ikaisha inaniingia shingoni. Kazi niliyopewa ilikuwa moja: kunyoosha mkono ili wanaokimbia mbio za bure za Jumamosi wajue pa kukata kona. Kila aliyepita, pumzi hana, uso umemwiva, alisema asante. Vijana wa chuo wanaoongoza walisema asante bila kunitazama. Mama anayesukuma mtoto kwenye kigari akasema asante. Mzee mmoja mwenye magoti mabovu alisimama kabisa, akanipa pole ya mvua, ndipo akaendelea na safari yake. Kufika saa nne nilikuwa nimeshukuriwa na watu wengi kuliko nilivyoshukuriwa mwaka mzima kwenye kundi la ukoo, na kule natuma hela.

Nikamrekodia dada yangu sauti nikimweleza. Akanijibu kwa swali moja: "Wanakulipa shilingi ngapi?"

Nikasema hawalipi. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia baridi imenipanda kichwani, halafu kabla hajamaliza akanikumbusha mchango wa send-off ya binti wa baba mdogo. Tarehe ya mwisho ni Ijumaa.

Sikukasirika. Ila nimelala nalo siku tatu, bora niliandike.

Mbio zenyewe zinaitwa parkrun. Zilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London. Bwana mmoja, Paul Sinton-Hewitt, alikuwa ameumia, hawezi kukimbia, lakini hakutaka kukaa ndani peke yake; akaamua kuwapimia wenzake muda. Siku ile walikimbia watu 13. Hapa Leeds zilifika mwaka 2007, na sasa zimeenea nchi nyingi. Ni kilomita tano, kila Jumamosi, huku England saa tatu kamili asubuhi (kamili kweli, si saa tatu ya mgeni rasmi). Hakuna kiingilio wala bahasha. Anayepima muda, anayegawa namba, anayepanga vibao, wote wamejitolea. Ukishajitolea mara 25 unapata haki ya kuvaa fulana ya zambarau, na fulana yenyewe unainunua kwa pesa yako. Hilo sijamwambia dada. Ataita mchungaji.

Kinachonirudisha pale kila mara ni nafasi moja. Kuna mtu anayepangiwa kutembea nyuma ya wote, ili mkimbiaji yeyote asije akamaliza wa mwisho. Wa mwisho ni yeye, mwenye kizibao. Mimi naipenda nafasi hiyo. Nimeshatembea na mama mmoja aliyepata kiharusi, anakwenda kwa fimbo, na mzunguko wake unachukua zaidi ya saa nzima. Tunaongea habari za paka wake, marehemu mumewe, bei ya gesi. Ananiuliza kwetu kukoje, namwelezea milima ya Usangi na ukungu wake wa asubuhi, ananiambia inafanana na kwao Scotland. Tukifika mwisho tunakuta wenzangu bado wamesimama na saa zao kwenye baridi, wanapiga makofi, na muda wake unaandikwa kama wa mtu mwingine yeyote.

Sasa mniulize mimi napata nini. Wiki nzima mimi ni mbeba boksi, au kwa usahihi zaidi, nawageuza wazee vitandani, nawaosha, nawalisha. Nusu saa nyumba hii, nusu saa nyumba ile, simu inanihesabia kuingia na kutoka. Mzee akitaka kunionyesha picha ya harusi yake, inabidi nimwambie kesho, na kesho anakwenda mwenzangu. Jumamosi hakuna anayenihesabia. Namsikiliza yule mama mpaka habari ziishe. Narudi nyumbani miguu imelowa na usingizi wa mchana unanipata kama nilivyokuwa nikilala zamani baada ya kuvuna mahindi. Hela niliyotuma kwa simu haijawahi kunipa usingizi ule, hata iwe imekwenda kwa mgonjwa. Naibonyeza, inakatwa makato, naletewa ujumbe kwamba muamala umekamilika, narudi kuosha vyombo.

Jambo hili tusilione la Wazungu, maana tunaye mtu wetu. Kila Mtanzania anamjua John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki. Alianguka, goti likateguka, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshamaliza kwa zaidi ya saa nzima, medali zimeshavishwa, jua limezama, ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mtu wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 aanze mbio, ilimtuma azimalize. Maneno hayo tumeyakariri, tunayasema kwenye hotuba. Mimi siku hizi nawawaza zaidi wale watu elfu chache waliokuwa hawajaondoka uwanjani. Walikuwa na makwao, na giza limeshaingia, lakini wakasimama wakampigia makofi mgeni wa mwisho. Hawakumchangia hata senti, walimpa muda tu, na habari ile isingekuwa ilivyo bila wao.

Na sisi, wenye Akhwari wetu, mtoto akiwa wa 57 kati ya 57 darasani tunamfanyaje? Mnajua tunavyomfanya. Anasomwa mstarini.

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kuandika: "Kwani sisi hatusaidiani? Umesahau ulikotoka?" Tulia, ndugu yangu. Mimi ni Mpare. Unataka kunisimulia mimi msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji?

Pembe inalia alfajiri mlimani, kila kaya inatoa mtu, na asiyetokea anajua faini yake. Ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia, zilichimbwa hivyo na zimesafishwa hivyo vizazi na vizazi, watu wamesimama kwenye tope mpaka magotini, majembe na machepe yanapokezana, na makande yanachemka pembeni. Mawe ya shule niliyosomea yalibebwa vichwani na akina mama, wengine wana watoto mgongoni. Hakuna aliyewapa fulana. Hakuna aliyewajazia fomu. Sijaona Ulaya yote kitu kinachofika hapo, na nikiwaeleza wenzangu wa Jumamosi wananitazama kwa wivu, maana huku jirani yangu wa ukuta kwa ukuta namjua kwa mlio wa mashine yake ya kufulia. Akifariki nitajua nikiona gari linabeba makabati. Mazishi yatakuwa wiki tatu baadaye, watu ishirini, nusu saa, imekwisha. Mtu wetu akifariki kijijini, kabla jua halijachwa kaburi limeshaanza kuchimbwa na vijana ambao hawakuitwa na yeyote.

Kwa hiyo sizungumzii nani ana utu zaidi. Nazungumzia tunakoupeleka utu wetu. Kile tulichokuwa tunakifanya kwa mikono tunakibadilisha kuwa orodha yenye alama za tiki. Mama Neema, elfu hamsini, tiki. Anko wa Mwanza, laki, tiki. Shangazi wa Ulaya, tunasubiri. Aliye kijijini anatoa siku yake, aliye mjini anatoa pesa ili asitoe siku, na aliye nje anatoa mara tatu kwa kosa la kuwa nje. Siku ya kukabidhi michango sasa! Meza kuu ina kitambaa, mgeni rasmi kachelewa saa mbili na nusu, risala inasomwa, na hundi ya mfano kubwa kama mlango inapigwa picha. Aliyebeba mawe amekaa chini ya mti na hatajwi. Wakenya watanielewa haraka. Harambee ilianza kwa majembe pia, ikaishia kwenye mabunda ya wakubwa, mpaka sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikabidi iwawekee watumishi mipaka ya kuchangisha kwa kutumia ofisi zao.

Mara ya mwisho nilipokwenda likizo ilikuwa msiba wa mama mkubwa. Nilijifunga khanga kiunoni nikaenda jikoni, kule nyuma kwenye mafiga, nikashika mwiko. Yule mama ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa watu wengi, na sikuona mahali pengine pa kumlilia. Hazikupita dakika tano. Mwiko ukachukuliwa mkononi mwangu kwa upole, na heshima zote: "Hapana dada, wewe umetoka mbali, utachafuka." Nikapewa kiti cha plastiki chenye mikono, mbele, karibu na wachungaji, na soda. Niliketi pale siku nzima nasikia wenzangu wanacheka jikoni, maana misiba yetu jikoni huwa panachekwa, ndipo uchungu unapopungua. Jioni mhazini akaja taratibu akainama: "Dada, kuna pengo kidogo kwenye bajeti ya chakula."

Nikatoa. Nani asingetoa?

Sasa mje na mashitaka yenu. La kwanza, kwamba wenzetu wana muda kwa sababu serikali yao imewashibisha. Wapo wanaoshiba, ndiyo. Lakini anayepanga vibao pale Woodhouse Moor ni dereva wa basi anayetoka zamu ya usiku, na anayegawa namba ni nesi mstaafu anayemlea mjukuu. Na msidhani nchi hii haina njaa. Makanisani kuna vyumba vya kugawa makopo ya maharage kwa watu wenye ajira. Wenye dhiki wanajitolea pia. Nadhani ndio wengi, lakini hilo ni la macho yangu tu.

La pili, kwamba nimekuwa na majivuno, najifanya mwenye moyo safi ili nikwepe michango. Hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu linatoka kwa watu waliosomeshewa watoto. Sijakwepa. Hospitali haipokei dakika zangu, najua. Dawa zinataka hela, ada inataka hela, na nitatuma mpaka nichoke. Ninachokataa ni kugeuzwa namba ya simu. Nina mikono. Nina akili niliyoipata kwenye kazi hii mnayoicheka: najua kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, najua kumlisha aliyepooza asipaliwe. Kijijini kwetu kuna wazee wanaooza mgongo ndani ya nyumba za mabati ambazo sisi wa nje tumezijenga. Hakuna kamati iliyowahi kuniandikia: njoo utufundishe asubuhi moja, tutakusanya wakwe na mabinti kanisani. Bati waliniandikia. Sare za kwaya waliniandikia. Spika za kanisa waliniandikia mara mbili, maana za kwanza ziliungua.

La tatu mtalisema kwa kejeli: kutembea na Mzungu bustanini ni msaada gani? Ni mdogo, nakubali. Ndiyo raha yake. Haujengi jina, hauna jiwe la msingi, na wiki ijayo unaanza upya. Yule mama wa kiharusi hanidai na mimi simdai. Nikikosa Jumamosi moja atanitumia salamu kwa mwingine. Nimewahi kusomesha mtoto wa ndugu mpaka chuo, na tukikutana anashindwa kunitazama usoni, kama vile mimi ni benki aliyochelewesha rejesho. Simlaumu. Hatukuwahi kutembea pamoja hata kilomita moja. Alinijua kwa jina linalotokea kwenye muamala.

Desemba nakuja. Nimeandika kwenye kundi kwamba mara hii sitaki kutajiwa kiasi, nataka kutajiwa siku: msaragambo wa barabara ya juu ni lini, na ni nani atakuwa na sururu ya ziada. Nimeandika pia kwamba nahitaji asubuhi moja na wanaouguza wazee majumbani, hata wakiwa wanne, na godoro la kufanyia mazoezi. Kundi likanyamaza, watu wanasoma hawajibu. Kijana mmoja akaweka kicheko. Binti wa jirani yetu, ambaye hata simkumbuki vizuri, akaniandikia pembeni kwamba bibi yake ana kidonda tangu Pasaka, je, nifike kwao kwanza? Nimemjibu nitaanzia kwao, siku ya pili tu ya kufika, na nimemtumia maelekezo ya kumgeuza kila baada ya saa mbili mpaka hapo, na kwamba kidonda chenyewe kitazamwe zahanati wiki hii, asinisubiri mimi.

Mhazini naye hatimaye akajibu mbele ya wote. Anafurahi sana dada kuwa nasi, barabara ni Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, sururu zipo. Ila saruji ya kalvati imepanda bei, je, naweza kuanza na mifuko kumi?

Nimetuma mitano.