Azimio la Kusikiliza Linasomwa Nusu

Jumapili iliyopita mhubiri aliligusia suala la ushoga katikati ya mahubiri yaliyohusu familia, akabadilisha sauti, akaigiza mwendo wa mwanamume anayejilegeza, na waumini wakaangua kicheko. Mbele yangu aliketi kijana mmoja wa kwaya ambaye hakucheka. Alifungua kitabu cha nyimbo na kuukazia macho ukurasa uleule mpaka mahubiri yalipokwisha. Sijui habari zake, wala sina haki ya kuzikisia. Ila kama alikuwa na jambo moyoni la kumweleza mchungaji, naamini siku hiyo aliamua kunyamaza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dhihaka ile haina idhini hata katika mafundisho ambayo mhubiri alidhani anayatetea. Katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, maaskofu wa Kianglikana walipitisha Azimio I.10 kwa kura 526 dhidi ya 70, na wahubiri wengi wanaikumbuka vizuri sehemu inayosema kwamba matendo ya mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Azimio hilohilo liliwapa maaskofu hao wajibu wa kusikiliza yanayowapata watu wenye mwelekeo huo, likatamka kwamba wote waliobatizwa, wanaoamini na walio waaminifu ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo bila kujali mwelekeo wao, na likataka hofu isiyo na msingi dhidi yao ilaaniwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, baada ya kuyakataa matendo hayo, inaagiza katika namba 2358 kwamba watu hao wapokewe kwa heshima na huruma, na kwamba kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Nusu ya kwanza nimeihubiriwa tangu utotoni. Nusu ya pili sijawahi kuisikia ikisomwa mimbarani, ingawa iliandikwa na kupitishwa na watu walewale.

Kusikiliza kunakodaiwa hapo kuna sura inayojulikana. Mchungaji anaketi na muumini na kumwacha aseme mpaka mwisho kabla ya kufungua Biblia. Siri aliyokabidhiwa inabaki kwake, haigeuzwi kuwa hoja ya maombi katika ibada ya jumuiya, ambako wote wanajua anaombewa nani ijapokuwa jina halikutajwa. Nimeona mtu akihama kanisa kwa sababu ya maombi ya namna hiyo, na aliyeyaongoza hakuwahi kumwendea kumwomba radhi.

Wapo wanaosisitiza maombezi ya kuwabadilisha watu hao mwelekeo wao. Exodus International, shirika la Kikristo lililojulikana sana kwa kazi hiyo, lilifungwa mwaka 2013, na kiongozi wake, Alan Chambers, aliwaomba radhi waliodhurika. Mwaka uliotangulia alikuwa amekiri kwamba karibu wote aliokutana nao hawakubadilika mwelekeo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kanisa lina haki ya kufundisha kuwa ndoa ni ya mume na mke. Najua pia kwamba mabishano haya yamevunja ushirika wa makanisa, na kwamba United Methodist Church iliondoa mwaka 2024 marufuku ya kuwaweka wakfu wachungaji wenye mahusiano ya jinsia moja baada ya maelfu ya sharika zake kujitenga. Mjadala huo utaendelea baada yetu. Lakini mzazi anayebisha hodi ofisini kwa mchungaji, akiuliza kama amfukuze mwanawe nyumbani, hawezi kusubiri mkutano mwingine wa maaskofu. Aambiwe leo hii kwamba mtoto abaki nyumbani, ale mezani na ndugu zake na alipiwe ada kama wao, na mchungaji mwenyewe afike pale wiki inayofuata kuhakikisha kwamba limetendeka.